Wapambanuzi wa Ukubwa: Taarikh ya Maneno Machache ya Kiingereza

Kiingereza kina maneno matatu ya kila siku ya kusifia kitu kikubwa, nayo ni ‘great’, ‘large’ na ‘big’. Na nyuma ya hayo matatu limejipanga jeshi zima la mengine, ‘huge’, ‘vast’, ‘immense’, ‘enormous’, ‘gigantic’, ‘colossal’, kila moja likidai mahali pake na kukataa kukalia mahali pa jirani yake. Kwa upande wa udogo yako ‘little’ na ‘small’, ambayo mgeni huyadhania mapacha mpaka siku atakapoweka moja mahali pa jingine akaona wasikilizaji wake wakitazamana. Mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili afunguapo kamusi akakuta maneno hayo yamefasiriwa kwa -kubwa na -dogo, huandika kwa moyo mkunjufu alichokisoma, kisha hurudishiwa daftari lake likiwa limepigwa mistari ya wino mwekundu, wala haambiwi kosa ni nini, kwa kuwa aghalabu mwalimu mwenyewe hajui zaidi ya kwamba Waingereza hawasemi hivyo. Jawabu limo katika taarikh: katika safari ya maneno hayo toka mashambani, toka majumba ya wafalme na toka vijiji vya kaskazini, mpaka yakakutana katika kinywa kimoja, na katika kazi ya watu wachache waliojitolea kuyapambanua. Kazi hiyo ilikuwa na mabingwa wake na mahasidi wake, nami naona kwamba njia yake iliyo sahihi ilishikwa mapema na mwanamke mmoja ambaye mkosoaji mkali wa zama zake alimdhihaki mbele ya watu, na kwamba ilichukua karibu karne mbili kabla ya wengine kurudi njiani kwake.

Kabla ya Wanormani kuingia Uingereza, Waingereza wa kale walipotaka kutaja ukubwa walisema ‘micel’, na walipotaka kutaja udogo walisema ‘lytel’. La pili linaishi hata leo katika sura ya ‘little’. La kwanza halikupata bahati hiyo, kwani limebaki katika ‘much’, liashirialo wingi, na kwa Waskoti katika ‘muckle’. Neno ‘great’ lilikuwako, walakini halikuwa neno la heshima: lilikuwa sifa ya kitu kinene na kizito, au cha chengachenga kisichosagwa kikawa laini. ‘Small’ nalo lilielekea zaidi kwenye wembamba, na Wajerumani, ambao ni jamaa wa Waingereza kwa lugha, wameishika maana hiyo mpaka leo, kwani kitu ‘schmal’ kwao ni kitu chembamba. Basi mtu wa zama zile aliyelinganisha kamba mbili za urefu mmoja angaliweza kuiita moja ‘great’ na nyingine ‘small’, naye asiwe amesema neno juu ya urefu. Alikuwa akizungumza unene. Tofauti hiyo imefifia, lakini haikufa, na atafutaye sababu ya Waingereza kusema ‘small’ kwa kitu kipimikacho na kuacha ‘little’ kwa kitu cha moyo, hana budi kuanzia hapa.

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na kwa muda wa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya baraza, ya mahakama na ya karamu. Katika shehena ya maneno waliyoingia nayo mabwana hao lilikuwamo ‘large’, ambalo asili yake ni Kilatini, nalo halikuhusu vipimo hata kidogo: lilikuwa sifa ya mtu mkarimu, mwenye mkono ulio wazi. Bwana wa ngome aliyewamwagia fedha watumishi wake siku ya sikukuu alikuwa ‘large’, na takrima yake iliitwa ‘largesse’, jina ambalo halijabadilika hadi leo. Kutoka ukarimu maana ikasogea kwenye wasaa, yaani nafasi isiyobana na akiba isiyopungua, hata mfungwa aliyeponyoka akasemwa yuko ‘at large’, kwa kuwa sasa ana nafasi ya kwenda atakako. Ndiyo sababu neno hili halikufungamana na uzito wala nguvu. Tangu mwanzo lilikuwa neno la nafasi na kadiri, na mwenye kulijua chimbuko hilo hastaajabu kuona kwamba Waingereza wa leo hulitumia kwa idadi, kwa viwango na kwa mafungu.

Takriban mwaka 1300, katika maandishi ya pande za kaskazini, likaanza kuonekana neno ‘big’. Wanachuoni hawajaafikiana juu ya nasaba yake, wengi wakielekea kudhani kwamba lililetwa na Waskandinavia waliolowea pande hizo. Maana yake ya kwanza ilikuwa nguvu: mtu ‘big’ alikuwa mtu wa misuli, imara, wa kuogopwa vitani. Ni neno la mwili, lililozaliwa katika vinywa vya watu waliopima vitu kwa mikono na mabega yao, na tabia hiyo halijaiacha. Kwa karne nyingi lilikaa mbali na maandishi ya taadhima, likingojea nje ya mlango ilhali ‘great’ limekwisha keti ndani.

Maana ‘great’ lilikuwa limepanda daraja. ‘Micel’ lilipodhoofika, ‘great’ lilichukua kazi yake yote, likawa neno la kawaida la ukubwa. Na kisha, kwa kuwa mtu mkubwa wa nyumba ni mkubwa pia wa amri, likahama kutoka mwilini likaingia katika cheo, katika nasaba na katika fadhila. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, iliyofanywa kwa amri ya Mfalme James, inalitumia kila mahali, kwa mianga ya mbinguni na kwa samaki aliyemmeza Nabii Yunus, na msomaji wa leo husikia ndani yake utukufu pale ambapo mara nyingine wafasiri walikusudia kipimo tu. Mfalme huyo huyo alijitangaza mwaka 1604 kuwa mfalme wa Great Britain, na wengi wamedhani kwamba sifa hiyo ni majivuno ya taifa. Kumbe asili yake ni kukitofautisha kisiwa hicho na ile Britannia ndogo, yaani Brittany ya Ufaransa. Neno lilikuwa la kipimo, lakini kadiri ‘great’ lilivyozidi kuvaa joho la fahari, watu walianza kulisoma jina la nchi yao kama wasomavyo jina la shujaa. Sisi tulio na -kuu pembeni ya -kubwa hatupati taabu kulifahamu jambo hili, kwani tunajua kwamba mwalimu mkuu aweza kuwa mfupi wa kimo, na kwamba Ijumaa Kuu haina saa nyingi kuliko Ijumaa nyingine.

Kufikia karne ya 17 wasomi walikuwa wameleta maneno mengine yenye asili ya Kilatini, na hayo yaliingia na elimu yake kamili. ‘Immense’ ni kisichopimika. ‘Vast’ ni kitu kitupu, kilichoachwa ukiwa, kama jangwa au bahari isiyoonekana ng’ambo yake. ‘Enormous’ ni kilichotoka nje ya kanuni, na kanuni hiyo kwa Warumi lilikuwa jina la kipimo cha seremala cha kupatia pembe. Kwa hiyo neno hilo lilitumika kwanza kwa maovu, kwa mambo yaliyopinda, kabla ya kutumika kwa vitu vilivyozidi umbo, na jina la hali yake, ‘enormity’, linashikiliwa na waandishi waangalifu katika maana ya uovu mpaka sasa.

Hivyo ilipofika karne ya 18 Mwingereza alikuwa na ghala lililojaa, na hakuna aliyewahi kulihesabu. Hapo ndipo kazi ya upambanuzi ilipopata wateja. London ya wakati huo ilikuwa imejaa watu waliotajirika upesi kwa bia, kwa nguo, kwa sukari iliyolimwa na watumwa visiwani, na mtu wa namna hiyo aliweza kununua gari la farasi wanne na nyumba ya matofali, lakini alipofungua kinywa mezani kwa wenye nasaba, neno moja lisilo mahali pake lilimtoboa. Kitabu kilichomfundisha kuchagua kilikuwa na thamani ya fedha taslimu. Wafaransa walikuwa wametangulia: Gabriel Girard, padri wa Paris, alichapisha mwaka 1718 kitabu juu ya usahihi wa Kifaransa ambamo alishikilia kwamba hakuna maneno mawili yaliyo sawa kabisa, na kwamba anayedhani yako hajasikiliza vya kutosha. Kitabu kilipendwa, kikaongezwa, na mwaka 1744 mwandishi wake akapewa kiti katika Akademia ya Ufaransa. Mwaka 1766 mchungaji wa Kiingereza, John Trusler, aliifuata kazi hiyo katika vitabu viwili, na hakuficha kwamba amekopa kwa Girard. Trusler alikuwa mtu wa biashara zaidi kuliko wa elimu, yule yule aliyewauzia wachungaji wenzake hotuba zilizochapwa kwa herufi za kuiga mwandiko wa mkono, ili waumini wadhani zimetungwa usiku uliopita. Na tofauti zake nyingi ni za Kifaransa zilizovishwa nguo za Kiingereza, jambo ambalo katika maneno ya ukubwa halifai kitu, maana mara nyingi Mfaransa anatosheka na neno lake moja ‘grand’ mahali ambapo Mwingereza ana matatu ya kuchagua.

Samuel Johnson, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1755, alikuwa amekwisha kuiona shida hii kwa macho ya mtu anayeifanya kazi mwenyewe. Katika dibaji yake alieleza kwamba ni nadra maneno kuwa sawa barabara, kwa kuwa jipya halikuletwa ila pale la zamani lilipoonekana halitoshi. Ni hoja ya kweli. Lakini kamusi yenyewe, kama ilivyo ada ya kamusi, ilimfasiria msomaji neno moja la ukubwa kwa jingine, ikamwacha katika mzunguko. Johnson alijua maana ya kila neno kwa ushahidi wa vitabu. Tofauti ya neno na jirani yake katika mazungumzo ya kila siku haikuwa sehemu ya mkataba wake na wauza vitabu.

Yuko mtu mwingine wa miaka hiyo aliyegusa jambo hili kwa upande ambao haukutazamiwa. Edmund Burke, kijana wa Ireland ambaye baadaye angekuwa msemaji mashuhuri bungeni, alichapisha mwaka 1757 uchunguzi juu ya uzuri na utukufu, akadai kwamba vitu vikubwa hututia hofu na staha, na vitu vidogo hututia mapenzi. Ushahidi mmojawapo aliuchukua katika lugha: Waingereza, alisema, huambatisha ‘little’ kwa vitu wavipendavyo, nao ni wepesi wa kusema kitu ni kikubwa na kibaya, wala si wepesi wa kusema ni kikubwa na kizuri. Falsafa yake ya uzuri ina mengi ya kupingwa, lakini sikio lake lilikuwa sahihi. ‘Little’ si kipimo. Nyumba ‘small’ ni ile ambayo dalali ameipima akaiona haina vyumba vingi. Nyumba ‘little’ ni ile ambayo mwenyewe anaipenda, au anaihurumia, au, kwa sauti nyingine, anaidharau. Kiswahili chetu kimeukabidhi mzigo huo kwa ki-, ambacho kwa mdomo wa mama humbembeleza kitoto chake na kwa mdomo wa hasimu hukigeuza kiumbe cha watu kuwa si kitu. Na kama ilivyo kwa ‘little’, mwandishi hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka amjue anayesema na anayeambiwa.

Sasa nifike kwa yule mwanamke. Hester Lynch Salusbury alizaliwa Wales mwaka 1741, akafundishwa lugha kwa wingi kuliko ilivyokuwa desturi kwa wasichana wa wakati ule, na mwaka 1763 akaolewa na Henry Thrale, tajiri mwenye kiwanda cha bia Southwark. Nyumba yao ya Streatham, nje ya London, ikawa baraza la waandishi, wachoraji na wanasiasa, na Johnson mwenyewe alipewa chumba humo, akakaa nao kama mtu wa nyumba kwa miaka mingi. Bibi Thrale alimwaga chai, akazaa watoto wengi na kuzika wengi, na muda wote huo alisikiliza. Alisikia namna bwana wa nasaba anavyosema jambo na namna tajiri mpya anavyolisema lile lile. Mumewe alipofariki mwaka 1781 alimpenda Gabriel Piozzi, mwalimu wa muziki, Mwitaliano na Mkatoliki, na walipooana mwaka 1784 jamii yote ilimgeuka: mabinti zake walijitenga, marafiki wakamkata, na Johnson akamwandikia barua ya ukali, kabla ya kufa mwenyewe mwezi wa Desemba mwaka huo huo.

Ndoa hiyo iliyomgharimu heshima yake ndiyo iliyompa kitabu, kwani sasa alikuwa na mgeni wa lugha ndani ya nyumba yake. Mwaka 1794 alichapisha London vitabu viwili vilivyoitwa British Synonymy, vikiwa ni jaribio, kama jina lilivyoendelea kusema, la kuratibu uchaguzi wa maneno katika mazungumzo ya kawaida. Katika dibaji aliwaachia wanaume kazi ya kufundisha uandishi, akajichukulia ile ya mazungumzo, kwa hoja kwamba mwanamke aliyezoea baraza ana ruhusa angalau ya kuelekeza yanayosemwa barazani. Na aliwataja wageni kuwa ndio hasa anaotaka kuwafaa. Njia yake ilikuwa kuyakusanya maneno ya jamii moja katika kundi, kisha kuyatembeza katika sentensi za watu walio hai, na kueleza kwa visa na mifano kwa nini hili lingekaa na lile lingeangusha. Hakudai kwamba tofauti hizo ni hakika za milele; alikiri kwamba kazi hiyo inahusu zaidi uzuri wa usemi kuliko ukweli wa mambo.

Nichukue mfano wangu mwenyewe kuonyesha nguvu ya njia hiyo. Mgeni anataka kumsifu askofu aliyemkaribisha. Akisema askofu ni mtu ‘great’, amesifu elimu na jina lake. Akisema ni mtu ‘big’, wasikilizaji wamewaza mabega na urefu. Akisema ni mtu ‘large’, amewaambia kwa adabu kwamba askofu anapenda kula. Hakuna rula itakayomwokoa mgeni huyo, maana askofu ni yule yule na uzani wake ni ule ule, wala hakuna elimu ya Kilatini itakayomwonya. Kitakachomwokoa ni kumsikia mtu wa nyumbani akisema, na kumsikia tena, na kuwa na mtu mpole wa kumweleza.

William Gifford, mtunzi wa tenzi za dhihaka ambaye baadaye alikuwa mhariri wa kwanza wa jarida la Quarterly Review, alimshambulia Bibi Piozzi kwa maneno ya sumu, akidai kwamba hawezi kufasiri hata neno moja na kwamba Kilatini chake ni cha mtoto wa shule. Shutuma hiyo naiona ni dhuluma, na zaidi ya dhuluma ni upofu. Gifford alidhani upambanuzi wa visawe ni kazi ya kufasiri, yaani ya kuzungushia kila neno ukuta. Bibi Piozzi alikuwa ametambua kwamba maneno ya ukubwa hayana kuta, yana majirani tu, na kwamba kumjua jirani ni kukaa mtaani.

Walakini karne iliyofuata ilimfuata Gifford. William Taylor wa Norwich, mjuzi wa Kijerumani, alitoa kitabu cha visawe mwaka 1813, na mwaka 1816 akaja George Crabb, ambaye kazi yake ikawa ndiyo hoja ya mwisho katika maktaba za Waingereza na Waamerika kwa zaidi ya miaka mia moja. Crabb alikuwa mtu wa bidii na utaratibu. Kwake ‘great’ lilifaa kila namna ya ukuaji, ‘large’ lilihusu nafasi, upana na wingi, na ‘big’ lilihusu kitu kilichotanuka au kujaa. ‘Enormous’ lilizidi ‘huge’, na ‘immense’ lilizidi ‘vast’, kila moja juu ya ngazi yake. Mtu akiisoma kazi yake huona faraja, kwa sababu kila kitu kimepewa daraja. Taabu ni kwamba lugha haikai katika madaraja hayo. Crabb alitafuta tofauti katika asili ya neno kabla ya kuitafuta katika matumizi, na asili nyingi za siku zake zilikuwa za kukisia. Aliruhusu jeshi na chumba viitwe ‘great’ kwa ukubwa wao tu, wakati ambapo masikioni mwa watu neno hilo lilikuwa linazidi kuuacha mwili. Askofu Mkuu Whately wa Dublin alihariri kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1851, kilichoandikwa kwa hakika na binti yake Elizabeth Jane, na ndani yake mna busara zaidi kwa kurasa chache kuliko katika vitabu vingi vinene. Lakini jina lililobaki mdomoni mwa watu lilikuwa la Crabb.

Mwaka mmoja baadaye, 1852, Peter Mark Roget alitoa Thesaurus yake, na jina hilo la Kiyunani maana yake ni hazina. Roget alikuwa tabibu, aliyekuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi, kwa zaidi ya miaka ishirini, na orodha ya kwanza ya maneno aliianza mwaka 1805 kwa haja zake mwenyewe. Yeye aliyapanga maneno kwa fikra, chini ya vichwa elfu moja, na ukubwa ukagawanyika mara mbili: ukubwa wa kiasi katika sehemu ya mahusiano ya mambo, na ukubwa wa umbo katika sehemu ya nafasi. Mpango huo ni wa akili pevu, na mgawanyo huo peke yake wamfundisha mwanafunzi zaidi ya ngazi za Crabb. Lakini Roget alitangaza waziwazi kwamba kupambanua neno na neno si kazi yake. Alitegemea kwamba anayefungua hazina ni mwenyeji, na kwamba akiliona neno alilolisahau atalitambua. Mgeni aingiapo humo hutoka na dhahabu na shaba katika mfuko mmoja.

Wakati huo huo mitaa ilikuwa ikizidi kuzalisha. Reli, maonyesho na meli za enzi ya Malkia Victoria zilipenda kuitwa ‘great’, mpaka meli ya mhandisi Brunel iliyoshushwa majini mwaka 1858, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, ikaitwa Great Eastern. Huko Marekani, mifupa ya mnyama wa kale iliyofukuliwa New York mwaka 1801 ilivumisha neno ‘mammoth’, lenye asili ya Kirusi, na wakulima wa Cheshire, Massachusetts, walipompelekea Rais Jefferson jibini la ratili 1,235, lililomfikia siku ya mwaka mpya 1802, watu hawakukosa jina la kuliita. Kisha akaja Jumbo, tembo wa Afrika aliyewekwa katika bustani ya wanyama ya London tangu 1865, akauzwa kwa Barnum, mwenye sarakasi wa Marekani, mwaka 1882 huku watoto wa Uingereza wakilia, akafa kwa kugongwa na gari moshi Ontario mwaka 1885. Jina lake likawa sifa ya kila kitu kipitacho kiasi, kuanzia sabuni hadi ndege. Watu wa mwambao hupenda kusema kwamba jina hilo limetoka kwetu, katika ‘jambo’ au ‘jumbe’. Ningefurahi kuliunga mkono dai hilo, lakini neno lilikuwa linasemwa mitaani London tangu miaka ya 1820, kwa maana ya mtu mnene asiye mwepesi.

Aliyekuja kuiona hali ya maneno matatu makuu kwa uwazi alikuwa Henry Watson Fowler, mwalimu mstaafu, katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilichotoka mwaka 1926, alichokianza pamoja na nduguye Francis na kukimaliza peke yake baada ya kifo cha nduguye. Fowler alianza kwa kukiri kwamba tofauti za ‘big’, ‘great’ na ‘large’ haziwezi kuelezwa zikaisha, na kukiri huko ndiko kunakoonyesha bingwa. Kisha akasema jambo ambalo Crabb hakuliona, kwamba ukubwa mtupu wa umbo na wa kiasi umehama kutoka ‘great’ na kwenda kwa yale mengine mawili, na kwamba ‘great’ limebakiwa na maana zisizo nyepesi kama hizo. Kati ya ‘large’ na ‘big’ alipima kwa kigezo cha uzoefu: la pili ni la nyumbani, la kwanza ni la mtu anayejiweka sawa kabla ya kusema.

Baada yake zilikuja kompyuta. Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya John Sinclair, kilikusanya mamilioni ya maneno kutoka vitabu, magazeti na mazungumzo, na mwaka 1987 ikatoka kamusi ya kwanza iliyojengwa kwa kusikiliza kwanza na kufasiri baadaye, ambayo kwa kusudi lake iliwalenga hasa wageni wa lugha. Miaka kumi na mmoja baadaye Douglas Biber na wenzake wawili, Susan Conrad na Randi Reppen, walichapisha uchunguzi ambamo waliyapeleka ‘big’, ‘large’ na ‘great’ mbele ya mkusanyo wa maneno wa namna hiyo, wakauliza kila moja linaandamana na nani. ‘Large’ waliliona likiongoza katika maandishi ya kitaaluma, likitangulia maneno ya idadi, viwango na kadiri. ‘Big’ liliongoza katika hadithi, likiandamana na watu, nyumba na vitu vya kushikika. Na ‘great’ likasimama mbele ya wingi usiohesabika, umuhimu, uangalifu na mambo ya moyo.

Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba watu wengi walihudhuria mkutano atasema idadi ilikuwa ‘large’. Akitaka kusema ukumbi ulikuwa mkubwa, anaweza kuuita ‘large’ katika taarifa na ‘big’ katika barua kwa nduguye. Na akitaka kusema jambo lililojadiliwa lilikuwa na umuhimu mkubwa, atasema ‘great’, wala hatasema ‘big’ wala ‘large’, hata kama kamusi iliyo mezani kwake imeyafasiri yote matatu kwa neno moja.